Wanakusudia kuninyima leseni ya ulinzi na zimebaki siku tano, nifanyeje Shangazi?

Shikamoo Shangazi,

Naomba usitaje jina langu, sema tu ni kijana wa Tanga niko Coventry huku Uingereza, nina mke na watoto wawili na wa tatu yuko njiani. Nimekuwa nikifanya kazi ghalani usiku, kupanga mizigo, mgongo umeniisha, ndo nikasema nisomee sekyuriti nipate leseni ya SIA, wale wanaosimamia kazi za ulinzi huku, niwe baunsa au nikae hata geti, hela inaeleweka kidogo na shifti unachagua. Nikajichanga nikalipa kozi, nikasoma huduma ya kwanza, mitihani nikapasi yote, nikalipa na hela ya maombi ambayo nasikia hairudi hata ukikosa. Nimeshanunua mpaka kile kifuko cha plastiki cha kufunga mkononi cha kuwekea kadi, kinaning'inia nyuma ya mlango na ile jaketi ya njano, kila nikitoka nakiona.

Sasa imekuja barua kwenye akaunti yangu kule nilikoombea. Inasema wanakusudia kukataa maombi yangu na wanataja mambo mawili. La kwanza, nina onyo la polisi, hii wanayoita kosheni, na sikulitaja kwenye fomu. La pili, kuna miezi nane kwenye anwani zangu za miaka 5 haionekani nilikuwa wapi.

Shangazi ngoja nikueleze ukweli wote. Hiyo kosheni ni ya miaka mitatu nyuma. Jirani alikuwa anapaki gari mbele ya mlango wetu kila siku, mke wangu akamwambia akamtukana, mi nikatoka tukashikana, nikamsukuma akagonga bega kwenye gari lake. Hakuumia lakini aliita polisi. Nikapelekwa kituoni, nikakaa mpaka saa tisa usiku, wakaniuliza unataka wakili nikasema hapana maana nilijua wakili ni hela na nilitaka kurudi nyumbani, wakaniambia nikikubali nasaini onyo naenda zangu. Nikasaini. Hakuna aliyenipeleka mahakamani, hakuna faini, mi nikajua yameisha. Hata nilipoanza kazi ghalani walinifanyia DBS, ule ukaguzi wa rekodi za jinai, ikatoka safi kabisa haina kitu, kwa hiyo fomu ilivyouliza nikajibu sina. Na kule kwenye kozi mwalimu mmoja alituambia kosheni siyo kesi msiandike.

Hiyo miezi nane nilikuwa Tanga namuuguza mama. Alipata kiharusi, sisi tuko wawili tu na kaka yangu alikuwa kazini, nikaenda nikakaa naye mpaka alipoanza kutembea. Fomu ilisema uliishi nje ya Uingereza, mi sikuishi, nilienda kuuguza, makazi yangu yalikuwa huku huku, kodi ya nyumba ilikuwa inalipwa. Lakini ile sehemu ya anwani nikaiacha wazi sikujua niandike nini.

Barua inatoa siku 21 za kujibu. Shangazi nina aibu kusema, zimepita 16 sijajibu. Kila nikifungua nasoma mstari wa kwanza nafunga. Mke wangu bado anajua kadi iko njiani. Binamu yangu ana baji yake na kwa kuwa amepata kazi nyingine ananiambia chukua hii tumia, tunafanana, usiku nani anaangalia picha. Rafiki mwingine anasema achana nayo omba upya kwa imeili nyingine. Mwingine anasema nenda mahakamani moja kwa moja. Mi sijui nishike lipi. Niwie radhi tu Shangazi, lakini mi siyo mtu wa fujo, ile siku moja ndo inanimaliza.

Mwanao, Coventry

*

Marahaba mwanangu, pole sana, na mama mpe pole, namshukuru Mungu anatembea.

Nianze na kitu ambacho naona kwa hofu umekiruka. Wewe hujanyimwa leseni. Soma tena hiyo barua, soma mpaka chini safari hii, ukae na mkeo pembeni maana hili ni la kwenu wote wawili. Wameandika wanakusudia kukataa, maana yake wamekuonyesha sababu zao kabla hawajaamua na wanakuuliza una la kusema. Usiposema kitu, siku 21 zikiisha uamuzi unakuwa wa mwisho wenyewe. Hizo siku tano ulizobaki nazo ndo kazi yako yote kwa sasa, mambo ya mahakama weka kando kwanza, nitakuja nayo huko chini. Na hesabu kuanzia tarehe iliyo juu ya barua, usihesabu kuanzia siku uliyoifungua. Ukiweza jibu lifike siku ya nne, lisisubiri usiku wa mwisho mtandao ukakusumbua.

Mi nimesimama kwenye milango ya baa na klabu za London miaka tisa kabla magoti hayajagoma, na tangu hapo vijana wengi wameniletea barua za namna hii mezani kwangu. Wanaoanguka wengi wao hawana rekodi nzito hata kidogo. Wanaanguka kwa kunyamaza kama wewe, au wanajibu kurasa nne za kuomba huruma, kodi ya nyumba, watoto, mimba, na lile waliloulizwa halipo humo hata mstari mmoja. Yule anayesoma barua yako ana vigezo vilivyochapishwa, kijitabu kinaitwa Get Licensed, kipo wazi mtandaoni bure kila mtu anaweza kukisoma. Anaangalia kosa lilikuwa zito kiasi gani, uliadhibiwaje, muda gani umepita, halafu kwa yale yasiyo ya kukataliwa moja kwa moja anaangalia na maelezo yako. Sasa wewe mpe maelezo.

Kuhusu kosheni. Aliyekwambia siyo kesi alisema nusu ya ukweli, na hiyo nusu nyingine ndo imekuumiza. Kweli siyo hukumu ya mahakama. Lakini ukisaini kosheni umekiri kosa, na inakaa kwenye kompyuta ya polisi. Ile DBS ya ghalani ilikuwa ya kawaida ya chini kabisa, ile inaonyesha tu hukumu ambazo muda wake haujaisha kisheria, na kosheni ya kawaida kisheria inahesabika imeisha siku hiyo hiyo uliyosaini, ndo maana ilitoka nyeupe. Leseni ya ulinzi iko kwenye kundi la kazi ambazo wanaruhusiwa kuchimba zaidi, wanaona mpaka yaliyoisha. Kwa mtu mzima kosheni ya kosa dogo kama la kusukumana huwa inaacha kuonekana kwenye ukaguzi wa namna hiyo ikipita miaka 6, yako ina mitatu. Kwa hiyo hukuonewa kuonekana nayo, na wewe nakuamini hukukusudia kuficha, ila hilo la kutokukusudia inabidi ulieleze hivyo hivyo na ulionyeshe. Hiyo karatasi ya DBS unayo? Itafute. Ndo ushahidi wako kwamba ulikuwa na sababu ya kuamini huna kitu. Maana sheria yao ya mwaka 2001, ile iliyoanzisha mfumo wote huu wa leseni, inasema kuwapa taarifa za uongo kwa kujua au kwa kutojali ni kosa la jinai, kwa hiyo hapa kwenye kutokutaja ndo pana hatari kuliko hata yule jirani na gari lake. Watu wengi wanatumia nguvu zote kueleza ugomvi halafu fomu wanaisahau.

Andika kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi, mtoto wako mkubwa au mtu unayemwamini akusomee spelingi. Kwa maana iwe hivi: tarehe fulani nilimsukuma jirani wakati wa ugomvi wa maegesho, akagonga bega kwenye gari, hakutibiwa, nilikubali kosa siku ile ile na nikapewa onyo, kabla ya hapo na baada ya hapo sijawahi kukamatwa. Kwenye fomu nilijibu sina rekodi kwa sababu kazini nilifanyiwa DBS ikaonyesha hakuna kitu, nakala naiambatanisha, na nilidhani onyo halihesabiki. Nilikosea, naomba radhi, sasa najua. Basi. Usimseme jirani vibaya, usiseme polisi walikulazimisha, maana hapo utafungua mjadala mwingine usio wa siku tano. Kama kweli unaona hukuelewa ulichosaini, kuna njia ya kuandikia jeshi la polisi lenyewe kuomba ile kosheni iangaliwe upya, lakini hiyo ni safari ndefu ya peke yake. Na kwa faida ya wengine wanaosoma hapa, wakili wa kituo cha polisi huku ni bure kwa kila mtu, awe na hela asiwe nazo, hata saa tisa usiku. Muombeni. Kuchelewa kurudi nyumbani masaa mawili siyo kitu.

Halafu tafuta barua mbili za watu. Msimamizi wako wa ghalani mmoja, na mwingine labda imamu au mchungaji au mwalimu wa timu ya watoto, mtu anayekujua miaka. Hapa sikiliza vizuri mwanangu, hao watu lazima uwaambie kuhusu kosheni na lazima waandike kwamba wanaijua. Barua inayosema huyu ni kijana mwema hajawahi kugombana na mtu inakuumbua, kwa sababu anayeisoma ana karatasi ya polisi mkononi. Barua inayosema najua alipewa onyo kwa kumsukuma jirani, nimefanya naye kazi za usiku tangu wakati ule, siku dereva fulani alipomfokea alifanya hivi na hivi, hiyo ina uzito. Umesema uko ghalani usiku na malori, lazima kuna siku ulituliza ugomvi. Mkumbushe msimamizi wako aiandike hiyo.

Sasa miezi nane. Wao wanachotaka ni hiki, ukiwa umekaa nje ya Uingereza miezi 6 mfululizo au zaidi ndani ya miaka 5 iliyopita wanahitaji ushahidi wa rekodi yako ya jinai kutoka kule ulikokuwa. Hawajali ulienda kuuguza, kuoa au kujenga, wao wanahesabu miezi. Kwa Tanzania ni kile cheti cha tabia njema cha polisi, na Wakenya wenzetu ndo hiyo gudi kondakti yao. Kinataka alama za vidole, na hakitatoka ndani ya siku tano, tusidanganyane. Kwa hiyo anza maombi leo, hifadhi risiti au namba ya maombi, na kwenye jibu lako useme wazi: nilikuwa Tanga tangu tarehe hii mpaka hii, namuuguza mama, anwani ni hii, cheti nimeshaomba, ushahidi wa maombi huu hapa, naomba mnipe muda kifike. Ambatanisha kurasa za pasipoti zenye mihuri ya kuingia na kutoka. Kuomba muda kabla ya tarehe kuisha ukiwa na risiti mkononi ni tofauti kabisa na kuomba baada ya kukataliwa. Hawalazimiki kukupa, ila umewapa sababu.

Baji ya binamu mrudishie leo hii hii. Hapa sitaki mjadala. Kusimama mlangoni bila leseni yako mwenyewe ni kosa la jinai, unaweza kufungwa mpaka miezi 6 au kupigwa faini, na ukitumia ya mtu mwingine mnaingia wote wawili na udanganyifu juu yake. Wakaguzi wanatembea usiku na polisi, wanasoma namba ya kadi na kuangalia sura, mi nimekaguliwa mara nyingi tu, nyingine mvua inanyesha Ijumaa saa saba usiku. Leo una msukumano mmoja wa miaka mitatu nyuma, kesho utakuwa na udanganyifu, na siku ukiomba uraia wa huku wanaangalia tabia yako, hutakuwa na cha kujibu. Na hiyo ya kuomba upya kwa imeili nyingine haisaidii kitu, jina lako ni lile lile, tarehe ya kuzaliwa ile ile, utalipa tena karibu pauni 200 ukutane na barua hii hii, safari hii wakiuliza kwanini umefungua akaunti mbili.

Tuje kwenye mahakama. Ukijibu vizuri na bado wakakataa, hapo ndo unapata haki ya kukata rufaa kwenye mahakama ya mahakimu, kwa England ndo huko, ungekuwa Scotland ungeenda kwa sherifu. Zinaanza siku nyingine 21 kuanzia ulipojulishwa uamuzi, na usitegemee kuongezewa hata moja. Kijana mmoja niliyewahi kufanya naye kazi alipeleka karatasi zake siku ya 23, imeili ya uamuzi ilikuwa imeangukia kwenye taka, ile spam, karatasi zikarudi, na kesi yake ilikuwa nzuri kuliko yako. Tangu siku hiyo namwambia kila mtu aangalie taka kila asubuhi.

Lakini usiende mahakamani kwa sababu rafiki amesema nenda. Mahakimu hawana ruhusa ya kukuonea huruma nje ya vile vigezo. Sheria yenyewe inawaambia waamue kwa kufuata vigezo vile vile, na kesi ya SIA na mtu aitwaye Stewart ilipofika Mahakama Kuu mwaka 2007 ilisisitiza hivyo hivyo, kwamba kama vigezo vinasema kosa hili kwa muda huu ni la kukataliwa moja kwa moja basi na mahakama mikono imefungwa. Kwa hiyo kabla hujapeleka rufaa fungua Get Licensed tafuta kosa lako, adhabu yako na muda wako uone umeangukia wapi. Ukiwa kwenye eneo la kufikiriwa, na ulipeleka ushahidi na unaona hawakuupima, rufaa ina maana. Ukiwa kwenye eneo la kukataliwa, heri usubiri muda upite uombe tena kuliko kwenda kushindwa, maana ukishindwa wakili wao anaweza kuomba ulipe gharama zao na bili hiyo si ndogo, na hata ukishinda siyo hakika utarudishiwa ulizotumia. Mi maoni yangu, kwa ulivyonieleza, wewe ni mtu wa kujibu vizuri sasa na kutofika mahakamani kabisa. Ila kabla hujatuma nenda ofisi ya Citizens Advice, wale wanaoshauri wananchi, hapo Coventry wakupitie jibu lako, au piga simu Unlock, ni shirika linalosaidia watu wenye rekodi za polisi, hawakuhukumu, wamezoea. Na polisi unaweza kuwaomba nakala ya kila wanachokushikia, inaombwa kupitia ACRO, ofisi ya rekodi za polisi, bure, ila inaweza kuchukua mpaka mwezi kwa hiyo iombe leo kwa ajili ya huko mbele, usiisubiri kwa ajili ya jibu hili.

Wakati unasubiri, kuna kitu vijana wengi hawakijui. Mlinzi aliyeajiriwa moja kwa moja na mwenye jengo au duka, siyo kupitia kampuni ya ulinzi, na asiyesimama kwenye mlango wa baa au klabu, hahitaji hiyo leseni. Ulizia hapo hapo ghalani kwenu kama geti wanalilinda wenyewe au wamekodisha kampuni. Kama wanalilinda wenyewe muombe msimamizi wako akuhamishie huko, na umwambie ukweli wote, si ndo huyo huyo unamwomba barua.

Na mkeo mwambie usiku huu. Atakasirika zaidi kwamba umemficha siku 16 kuliko atakavyokasirikia kosheni, na ana haki. Halafu mkae wote kwenye hiyo barua, huenda tarehe za safari anazikumbuka kuliko wewe, wanawake ndo tunaohesabu siku mtu akiwa mbali.

Jambo la kwanza kabla ya yote, mpigie kaka yako Tanga. Mwambie kesho asubuhi apige picha kadi ya hospitali ya mama yenye tarehe za kulazwa na kliniki, aombe na barua fupi ya daktari au ya mwenyekiti wa mtaa kwamba ulikuwa pale, akutumie WhatsApp halafu na kwa imeili. Huu msimu wa baridi wako mbele yetu masaa matatu, ukimpigia saa moja jioni kwenu kwao ni saa nne usiku, hajalala bado.

Nikisikia umetuma nitafurahi. Nijulishe.

Shangazi yako